Kabla hujampima mzee kuyumba kwa simu

Simu iliyofungwa kiunoni inaweza kuonyesha mwili wa mzee unavyoyumba akiwa amesimama. Lakini anza na mahali, simu iweke pembeni kwanza. Mzee asimame karibu na ukuta, ukuta uwe nyuma yake bila kuuegemea, mbele yake pawe na kiti kizito cha kushika. Wewe simama ubavuni, mikono tayari lakini usimguse. Toa mkeka, futa maji sakafuni, mvue kandambili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo mtu asije akaangushwa na kipimo chenyewe. Akiwa ana kizunguzungu siku hiyo, au mguu umekufa ganzi ghafla, usipime. Mpeleke hospitali.

Kinachofanya kazi ndani ya simu ni akselerometa, kihisi kilekile kinachogeuza picha ukiilaza simu ubavu. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, lakini kwa mtu aliyesimama tu hilo halikuzuii. Pakua programu ya phyphox, ya bure, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Laza simu mezani kwanza: kipimo chenye mvutano wa dunia kisome karibu 9.8 (mita kwa sekunde mraba). Kikisoma mbali na hapo, tafuta simu nyingine. Vipimo 50 hadi 100 kwa sekunde vinatosha, maana mtu aliyesimama huyumba polepole.

Kuifunga simu mwilini ndiko kunakoharibu kazi ya wengi, nami yalinipata. Simu hukaa kiunoni kwa nyuma, katikati, juu kidogo ya makalio, karibu na kitovu cha uzito wa mwili. Mara ya kwanza nilimfunga mama kwa khanga juu ya dera. Mchoro ulitoka na mawimbi makubwa, nikaingiwa na hofu. Mama akasema, "Mwanangu, hiki kitu kinacheza huku nyuma." Kweli, simu ilikuwa inateleza juu ya kitambaa. Simu ikiinama nyuzi moja tu, usomaji wa pembeni hubadilika kwa karibu 0.17, na huo ni mkubwa mno kwa kazi hii. Tuliikunja khanga ikawa nyembamba, tukalikusanya dera, tukamkaza kibwebwe hasa, simu ikiwa imebana mgongo juu ya shati jepesi. Mistari ikatulia. Mama alikuwa yuleyule.

Weka simu kwenye hali ya ndege, kwani ujumbe mmoja ukiingia mtetemo wake utaonekana kama mzee ametikisika. Tumia kipima muda cha programu kianze baada ya sekunde tano, ili usimbonyeze mgongoni wakati anajiweka sawa.

Amueni mapema atasimama vipi. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani hutumia hatua nne, kila moja sekunde 10: miguu sambamba, mguu mmoja ukitangulia nusu, kisigino mbele ya vidole, kisha mguu mmoja. Asiyeweza kukaa sekunde 10 kwenye ile ya tatu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka, na hilo utaliona kwa macho hata bila simu. Kufumba macho kuje mwisho, kwa yule tu aliyesimama imara akiwa ameyafumbua. Macho yakifungwa, mwili hutegemea nyayo na sikio la ndani, na mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisia anaweza kuyumba vibaya hapo.

Andika kwenye daftari saa, dawa alizomeza (hasa za presha na za usingizi), kama amekula, na simu iliyotumika. Pima mara tatu, mwache apumzike katikati. Linganisha na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kwa simu ileile; namba za mtu mwingine mtandaoni zisikutishe wala zisikupe raha, kwa sababu kila programu ina hesabu yake.

Na kabla ya kumfunga chochote, mwombe ruhusa, umweleze ni nani mwingine atakayeona mchoro huo. Mama alitaka auone yeye kwanza, nikamwonyesha, kisha ndipo tukaupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.