Kuchagua kifaa cha kufundishia kwa slaidi: anza na tundu la projekta

Wengi hununua kifaa kwanza, kisha wanafika darasani na kuanza kuhangaika na nyaya mbele ya wanafunzi. Geuza mpangilio huo. Nenda darasani, angalia nyuma ya projekta au ubavuni mwa televisheni, piga picha matundu yote kwa simu, ndipo uende dukani. Kifaa kisichoweza kutoa picha kwenye ukuta wa darasa lako hakikufai, kiwe na kasi ya namna gani.

Tundu utakalolikuta zaidi ni HDMI: bapa, pembe zake mbili za chini zimekatwa mshazari. Waya wake hubeba picha na sauti pamoja. Projekta za zamani zina VGA, tundu pana lenye vishimo 15 katika safu tatu, mara nyingi la buluu, na sehemu ya skrubu kila upande. VGA hubeba picha peke yake. Ukitaka darasa lisikie video, tafuta waya wa pili wa sauti, ule wa milimita 3.5, au utegemee spika za kifaa chenyewe, ambazo mara nyingi huishia dawati la pili.

Ukiwa na kifaa cha HDMI na projekta ya VGA, usinunue waya mtupu wenye HDMI huku na VGA kule. HDMI ni ya kidijitali, VGA ni ya analogi, na waya hauwezi kugeuza moja kuwa nyingine. Inatakiwa adapta yenye sakiti ndani yake. Soma pia mwelekeo: adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA haifanyi kazi kinyume. Na video za kulipia zenye ulinzi wa nakala huenda zikaonyesha weusi mtupu kupitia adapta hizo, hata kama slaidi zinaonekana vizuri.

Mtego wa USB-C

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. USB-C ni lile tundu dogo la mviringo bapa linaloingia chaja upande wowote. Umbo lake ni moja, lakini kazi hutofautiana. Kuna USB-C inayochaji na kuhamisha mafaili tu, na kuna inayotoa picha pia. Simu na vishikwambi vingi vya bei nafuu viko kundi la kwanza. Adapta ya HDMI utaichomeka, itaingia vizuri kabisa, na ukutani hakitatokea kitu. Kwenye orodha ya sifa za kifaa tafuta neno DisplayPort, au, kwa laptopu, Thunderbolt. Kama halipo, chukulia kwamba picha haitoki. Kwa upande wa Apple, iPhone 15 za mwaka 2023 ndizo za kwanza kuwa na USB-C, nayo inatoa picha. Za kabla yake zina tundu la Lightning na zinahitaji adapta yake maalumu.

Njia ya uhakika ni kwenda dukani na adapta yako mfukoni na kuomba kifaa kichomekwe kwenye televisheni yoyote iliyopo. Muuzaji akikataa, nenda kwingine.

Kifaa chenye tundu moja tu la USB-C kina tatizo jingine: ukichomeka adapta, chaja haina pa kuingia. Nunua adapta yenye tundu la HDMI pamoja na tundu la USB-C la kupitishia umeme, lenye alama ya PD.

Laptopu, kishikwambi au simu?

Kwa mwalimu wa kawaida, laptopu bado ndiyo chaguo langu la kwanza. Inakuwezesha kuona maelezo yako na slaidi inayofuata huku darasa likiona slaidi moja tu. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, zinatosha. Uzito usizidi kilo 1.5 kama unahama madarasa. Kishikwambi chenye kalamu kinaishinda pale tu unapoandika sana mbele ya watu: hesabu, michoro, kusahihisha insha pamoja na darasa. Simu iwe akiba.

Betri isome kwa Wh (wati-saa, kipimo cha nishati inayobeba), kisha gawanya kwa wati zinazotumika. Betri ya 50 Wh kwenye laptopu inayokula wati 10 hudumu saa 5. Mwanga ukipandishwa na video ikicheza, matumizi yakafika wati 15, unabaki na saa 3 na dakika 20. Ukinunua laptopu ya Windows iliyotumika, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, kisha fungua ripoti inayotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilikuwa 50,000 mWh (yaani 50 Wh) na sasa inajaa 30,000, umebaki na asilimia 60, na bei ishuke kwa sababu hiyo.

Kuunganisha bila waya kunavutia, lakini usikutegemee peke yake. iPhone haitumii Miracast, njia ya kurusha picha bila waya inayotumiwa na Windows, na mitandao mingi ya shule huzuia vifaa visionane hata vikiwa kwenye Wi-Fi moja. Waya wa HDMI wa mita 5 humaliza ubishi huo. Ukivuka mita 10, nyaya za kawaida huanza kuonyesha vitone vyeupe au picha ya kukatika.

Jaribio kabla ya kipindi

Washa projekta, chomeka waya, kisha kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na uchague kunakili skrini au kuipanua. Ukiona maandishi ya kukosa mawimbi, chagua chanzo sahihi kwa rimoti ya projekta kabla ya kulaumu laptopu. Projekta ya nukta 1024×768 (umbo la 4:3) ikipewa slaidi za umbo pana la 16:9 hutumia mistari 576 tu kati ya 768; robo ya urefu wa picha inakuwa weusi na maandishi yanapungua. Tengeneza slaidi za 4:3 kwa chumba hicho.

Sauti ikitoka kwenye laptopu wakati waya ni HDMI, badilisha kifaa cha kutolea sauti kwenye mipangilio. Zima arifa za ujumbe. Kwenye PowerPoint, F5 huanzisha onyesho, na herufi B huifanya skrini iwe nyeusi unapotaka macho yarudi kwako.

Mwisho, hifadhi nakala ya PDF kwenye flashi. Fonti zako hazitavurugika ukilazimika kutumia kompyuta ya mwenzako, ila video hazitacheza humo. Zibebe kama mafaili ya pembeni.