Somo: Kubadilisha pampu ya stelingi inayolia kwenye Benzi W123

Assalaamu alaykum. Wiki hii peke yake nimeletewa sauti nne za injini kwenye simu na swali lile lile: "Fundi, pampu ya stelingi inalia, nikatafute nyengine wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamleta huku.

Gari yangu ni W123 ya dizeli, aina ya 240D ya 1982, iko Chake Chake, Pemba, na naitumia kila siku. W123 zilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka katikati ya miaka ya 80, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina kama miaka arobaini. Gari ya umri huo inataka kusikilizwa kabla ya kufunguliwa.

Kabla ya kununua chochote

Fungua kifuniko cha kopo la mafuta juu ya pampu. Mafuta yakiwa chini, ongeza. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yabadilishe. Yakiwa na povu, kuna upepo ndani, na pampu yenye upepo hulia kama imekufa hata ikiwa mpya. Ndani ya kopo, chini ya springi, kuna filta ya karatasi. Wengi hawajui kama ipo. Nimefungua gari za watu nikakuta filta ngumu kama kigae. Filta hiyo na lita mbili za mafuta ni rahisi kuliko pampu, anza nazo.

Bado inalia? Vua mkanda wa pampu (kwenye 240D ina mkanda wake peke yake), washa injini dakika moja bila kugusa usukani. Mlio ukibaki, tatizo si pampu. Mlio ukiondoka, zima, zungusha puli ya pampu (gurudumu linaloshika mkanda) kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza juu na chini, beringi imekwisha. Sasa ndiyo ukatafute pampu.

Kazi yenyewe

1. Siku moja kabla, pulizia dawa ya kutu kwenye bolti zote za pampu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma, na bolti ikikatika ndani ya breketi utapoteza siku nzima.

2. Inua mbele kwa jeki, weka stendi pande zote mbili. Jeki peke yake hapana.

3. Nyonya mafuta kwenye kopo kwa bomba la sindano.

4. Legeza mkanda, utoe.

5. Fungua hosi mbili. Ile ya presha ishikwe kwa spana mbili, moja izuie, nyengine ifungue, usije ukapinda bomba la chuma. Ziba midomo yake kwa kitambaa safi.

6. Fungua bolti za pampu, itoe.

7. Hamisha puli. Kwenye pampu yangu ina nati katikati na kifunguo kidogo cha chuma kwenye shafti, usikipoteze. Ikigoma tumia pula, kile chombo cha kuvutia puli. Ukiipiga nyundo, kishindo kinaingia ndani na kuharibu beringi na sili ya pampu uliyoinunua leo.

8. Kabla ya kufunga pampu mpya, safisha njia. Mwaga mafuta ya zamani kwa hosi ya kurudi (ile isiyo ya presha): iingize kwenye chupa, halafu mtu azungushe usukani polepole, injini imezimwa. Vumbi la chuma la pampu ya zamani limebaki kwenye hosi na kwenye gia ya stelingi. Usipolitoa litaila hii mpya.

9. Funga pampu, oringi na filta mpya, mkanda ukaze mpaka ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati uingie kama sentimita 1.

10. Kutoa upepo. Hapa someni polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu mimi. Mara ya kwanza nilifunga kila kitu vizuri, nikajaza kopo, nikawasha injini na kuzungusha usukani kwa nguvu huku na huku ili "mafuta yafike". Ndani ya dakika mbili mafuta yaligeuka kama maziwa na pampu ikapiga ukelele wa kutisha. Nikaamini nimeuziwa mbovu. Nikaagiza nyengine, nikasubiri boti siku kadhaa, nikafunga, nikafanya vile vile. Nilipozifungua zote mbili nikakuta vibao vya ndani vimekwaruzika. Zilikuwa nzima. Niliziua mimi, kwa kuzikimbiza zikiwa zimejaa upepo. Kwa hiyo: magurudumu ya mbele yawe hewani na INJINI IMEZIMWA. Jaza kopo mpaka alama. Zungusha usukani polepole, mwisho wa kulia mpaka mwisho wa kushoto, mara ishirini. Kila baada ya mara chache angalia kopo, ongeza, lisikauke hata mara moja. Ukimaliza acha gari ikae robo saa, mapovu yapande yenyewe. Ndipo uwashe, iache ingurume polepole bila kukanyaga pedali wala kugusa usukani, angalia kopo tena. Kisha zungusha taratibu.

Tahadhari tatu za hapo. Ukifika mwisho wa usukani usiushikilie zaidi ya sekunde 5; presha inapanda kupita baa 70, wakati tairi lako lina baa 2 tu, na mafuta yanachemka. Povu likitokea, zima, subiri, rudia kwa mkono. Na ukizima injini halafu ukaona mafuta yamepanda sana ndani ya kopo, upepo bado umo: uliokuwa umebanwa umetanuka.

11. Shusha gari, endesha, angalia uvujaji. Baada ya wiki kaza mkanda, mpya huwa unavutika.

Mafuta: yangu natumia ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Someni kijitabu cha gari yenu.

—

MASWALI

Wa Mkoani: Fundi yangu inalia sana nikikata kona, pampu bei gani?

Jibu: Umeangalia mafuta? Umetoa filta? Sehemu ya kwanza ya somo. Soma, fanya, kisha uniambie ulichoona.

Wa Mkoani: Sina muda fundi, nitajie bei tu.

Jibu: Bei anayo muuza spea. Mimi nina njia ya kukuepusha kununua, na iko juu hapo.

Dereva wa Wete: ATF ilikosekana dukani nikaongeza mafuta ya breki, si yote ni haidroliki? Mlio haujaisha.

Jibu: Usiiwashe tena. Mafuta ya breki yanavimbisha na kulainisha mipira ya mfumo huu: sili ya pampu, sili za gia ya stelingi, hosi. Mwaga yote, osha kwa ATF mara mbili tatu kwa njia ya hatua ya 8, badilisha filta. Sili zikianza kuvuja baadae, ujue sababu. ATF ikikosekana dukani, subiri boti. Gari ikae siku mbili, haitakufa.

Mwanafunzi wa Gombani: Shikamoo maalim. Samahani, kwa nini upepo ufanye kelele? Upepo si laini kuliko mafuta?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Ndani ya pampu kuna gurudumu lenye vibao vidogo vinavyoteleza kutoka na kuingia. Linazunguka ndani ya pete ya umbo la yai. Kibao kikitoka nje nafasi inakua, inavuta mafuta. Kikirudi nafasi inabanwa, mafuta yanasukumwa. Mafuta hayabanwi, lakini povu linabanwa. Kila povu likiingia upande wa presha linapasuka kwa ghafla, mara nyingi mno kwa sekunde, na ule mlio unaousikia ni jumla ya mipasuko hiyo. Tena pale palipo na povu hakuna mafuta ya kulainisha, chuma kinasuguana na chuma. Ukipata pampu mbovu njoo nayo, tuifungue uione kwa macho.

Mwanafunzi wa Gombani: Ahsante maalim. Inshallah Jumamosi.

Wa Mwanakwerekwe: Hapa Unguja mafundi wanawasha moja kwa moja na gari zinakwenda. Naona unatutisha.

Jibu: Sikusema kila pampu itakufa. Nimesema mbili zangu zilikufa, na nilizifungua nikaona. Robo saa ya kusubiri haikugharimu kitu. Ukipenda washa, gari ni yako.

Bibie wa Machomane: Kaka, mimi 240D pia. Nilivua mkanda kama ulivyosema, mlio umebaki, kama kugonga, mbele ya injini.

Jibu: Dada, ahsante kwa kujaribu kwanza. Usiendelee kuiendesha. Angalia pampu ya vakiumu, iko mbele ya injini na inasaidia breki. Beringi yake ikivunjika, vipande vinaweza kuangukia kwenye cheni na kuharibu injini nzima. Ifungue leo, usingoje kesho. Hilo ni kubwa kuliko stelingi.

Bibie wa Machomane: Ndiyo ilikuwa hiyo. Beringi imelegea kabisa, bado haijavunjika. Alhamdulillahi.

Jibu: Alhamdulillahi. Nimefurahi sana.

Mwenye Toyota, Tibirinzi: Ami, ikiwa kopo liko mbali na pampu, imeunganishwa kwa mpira?

Jibu: Utaratibu ni ule ule, ila chunguza mpira unaotoka kwenye kopo kwenda pampu. Huo unanyonya, kwa hiyo ukipasuka kidogo au klipu ikilegea, unavuta upepo bila kudondosha hata tone. Watu hutafuta uvujaji chini, wakikuta pakavu wananunua pampu. Badilisha mpira na klipu kwanza.

Wa Mkoani: Fundi, nimefungua. Filta ilikuwa imevunjika vipande. Nimeweka mpya na ATF, mlio umepungua ila asubuhi bado unalia kidogo.

Jibu: Vizuri sana, umefanya kazi. Vipande hivyo vingine vimo kwenye hosi. Osha tena kama hatua ya 8, toa upepo kwa mkono, ilaze usiku kucha ikiwa imeinuliwa na kifuniko kimelegezwa. Asubuhi ongeza mafuta kabla ya kuwasha, kisha unitumie sauti.