Somo: Maadili ya mwandishi na mhakiki, tangu kibali cha utafiti hadi makala kutoka

Somo hili limeombwa sana, hasa na wanaoandaa makala ya kwanza kutokana na tasnifu. Mhakiki ninayemsema hapa ni msomi anayeombwa na mhariri wa jarida aisome makala na kuishauri kabla haijachapishwa. Mifano yangu mingi itatoka katika fani za Kiswahili na sayansi za jamii, kwa kuwa ndiko niliko, ila daktari na mhandisi nao wanabanwa na kanuni hizihizi. Majarida mengi duniani hufuata miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997. Miongozo hiyo inapatikana bure, kwa hiyo sitairudia yote hapa. Nitakaa pale panapotusumbua sisi: majina ya waandishi, tafsiri, na kuhakiki kazi ya mtu unayemjua.

Hatua ya 1: Kibali kwanza, kinasa sauti baadaye

Kamati ya maadili haitoi kibali kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Ukishahoji watu arobaini ndipo ukakumbuka kibali, mahojiano hayo huna pa kuyapeleka. Tanzania utafiti wa afya hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na vibali vya utafiti kwa jumla viko chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya leseni hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mwanafunzi aanzie ofisi ya utafiti ya chuo chake, ndiyo itakayomwambia lipi linamhusu.

Kwa wanaokusanya ngano, nyimbo na methali kuna jambo la ziada. Tumezoea kuandika "msimulizi wa kike, miaka 70" tukidhani tunamlinda. Pengine bibi huyo angependa ijulikane kwamba ngano ile ni yake na kwamba anaisimulia vizuri kuliko wenziwe kijijini. Muulize: jina litajwe au lisitajwe? Jibu lake liingie kwenye fomu ya ridhaa, au lirekodiwe kwa sauti kama hasomi.

Hatua ya 2: Malizeni suala la majina kabla hamjaandika hata aya moja

Magomvi mengi ninayoyajua ya wasomi chanzo chake ni majina. Wizi unafuata kwa mbali.

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba iliyotokana na mkutano wa Vancouver wa mwaka 1978. Kinadai mambo manne, na mwandishi anatakiwa ayatimize yote: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua, awe ameshiriki kuandika au kuirekebisha rasimu kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima likitokea la kuulizwa.

Sasa pimeni wenyewe. Mkuu wa idara aliyesaini barua ya utambulisho si mwandishi. Aliyetoa fedha si mwandishi. Kijana aliyelipwa kunakili mahojiano kutoka kwenye kinasa anastahili shukrani kwa jina lake, ila akichambua data na kuandika sehemu ya matokeo, huyo ni mwandishi hata kama hana shahada ya pili. Na msimamizi? Inategemea alichofanya. Wapo wasimamizi waliobuni swali la utafiti na kuipitia rasimu mstari kwa mstari. Kuwaacha nje ni dhuluma. Wapo pia waliosoma ikisiri tu.

Kwetu ugumu ni kumwambia mkubwa. Heshima yetu haituruhusu kumuuliza profesa "wewe umefanya nini?" Basi usiulize hivyo. Andika mapema, kwa adabu, na uandike kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu:

"Shikamoo Profesa. Nimeanza kuandaa makala kutokana na sura ya nne ya tasnifu. Napendekeza niwe mwandishi wa kwanza, nawe Profesa uwe wa pili iwapo utapata nafasi ya kuipitia rasimu na kuidhinisha toleo la mwisho. Aliyenakili mahojiano nitamtaja kwenye shukrani. Naomba maelekezo yako kabla sijaendelea."

Barua hii imemtajia kazi anayotakiwa kuifanya bila kumvunjia heshima. Akijibu "sina nafasi, endelea", suala limekwisha. Mkishirikiana na watafiti wa Ulaya au Marekani, tumeni barua ya namna hiyo hiyo kabla data hazijavuka mpaka. Tamko la Cape Town, lililotokana na mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti wa mwaka 2022, linadai ushirikiano wa haki kwa watafiti wa nchi ambazo data zinakusanywa. Litajeni bila woga.

Anayedhani kuwekwa jina ni zawadi isiyo na gharama akumbuke kisa cha Surgisphere, kampuni ya data ya Marekani. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua rekodi za wagonjwa 96,032 wa korona kutoka hospitali 671, kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini. Wasomaji wakaanza kuuliza: mbona vifo vya Australia vimezidi vile vilivyotangazwa na nchi yenyewe? Na hospitali za Afrika zenye rekodi za kielektroniki za kina kiasi hicho ni zipi? Surgisphere, iliyokuwa na data hizo, ikakataa kuzitoa zikaguliwe. Waandishi watatu kati ya wanne hawakuwahi kuzithibitisha wenyewe, wakaomba makala ifutwe. Ilifutwa tarehe 4 Juni, wiki mbili tu baadaye, baada ya kusimamisha majaribio ya dawa hiyo sehemu mbalimbali za dunia. Ukiweka jina, unatangaza kwamba data umeziona.

Hatua ya 3: Ukitafsiri maneno ya mtu, bado ni ya mtu

Hili ndilo donda la uandishi wa kitaaluma kwa Kiswahili. Mwandishi anachukua aya ya Kiingereza kuhusu, tuseme, uchanganyaji wa lugha katika matangazo ya biashara. Anaitafsiri sentensi moja moja, nzima nzima. Mwisho wa sentensi ya sita anaweka jina na mwaka kwenye mabano. Turnitin, programu ya kukagua ufanano wa maandishi, inaweza ikaipitisha bila kugutuka, kwa kuwa programu hizi hushika zaidi maneno yanayofanana katika lugha moja. Msomaji naye anadhani sentensi tano za kwanza ni fikra za mwandishi na ya sita pekee ndiyo ya kuazima.

Dawa yake ni kumtaja mwenye hoja mwanzoni mwa aya: "Kwa mujibu wa fulani (2011), ..." na kuonesha anapoishia: "Mimi naona ..." Ukinukuu kwa tafsiri, weka alama za mtajo na useme tafsiri ni yako. Hata mfano wa sentensi ya Kiswahili uliouchukua kwenye kitabu cha sarufi una mwenyewe.

Asilimia ya Turnitin si hukumu. Makala inaweza kuwa na 25 kwa sababu ya marejeo na manukuu halali, nyingine ikawa na 4 na yote imeibwa kwa tafsiri.

Kuhusu akili mnemba (AI): mwaka 2023 COPE ilitoa msimamo kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika. Ukiitumia kunyoosha lugha, sema umeitumia wapi na kwa kazi gani. Na hakiki kila rejeo iliyokupa, maana programu hizi hubuni vitabu visivyopo.

Hatua ya 4: Jarida moja kwa wakati

Kupeleka makala moja majarida mawili kwa pamoja ni kosa, hata kama la kwanza limekaa kimya miezi minane. Liandikie, ulizia, ukichoka iondoe rasmi, subiri wathibitishe, ndipo uende kwingine.

Jihadhari na majarida ya kitapeli. Barua pepe inakusifu kupita kiasi, inaahidi uhakiki wa siku tatu, ada inatajwa baada ya makala kukubaliwa, na bodi ya uhariri imejaa watu wasiojua kwamba wamo. Kabla ya kulipa, tafuta jarida hilo katika DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure) au AJOL (hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya Afrika), halafu soma makala mbili zilizokwisha kutoka humo. Zikiwa mbovu, na yako itakaa na mbovu.

Hatua ya 5: Ukialikwa kuhakiki

Makala uliyotumiwa ni amana. Huitumii kwenye mhadhara, humpi mwanafunzi wako "akusaidie" bila ruhusa ya mhariri, na huipakii kwenye programu ya akili mnemba ikufanyie muhtasari, maana hapo umeshaitoa nje.

Kabla ya kukubali, jiulize mambo matatu. Je, nina ujuzi wa mada hii? Nitamaliza kwa muda niliopewa? Nina maslahi yoyote hapa: ndugu, mwanafunzi wangu, mshindani wangu, mtu tuliyegombana naye? Ukikataa, kataa ndani ya siku chache ili mhariri atafute mwingine. Kukaa na makala ya mtu miezi sita huku kijana anasubiri kuhitimu ni kosa la maadili, ingawa wengi huliita ubize.

Ripoti nayo iwe ya kumsaidia mtu. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Makala ni dhaifu. Mwandishi hajui nadharia." Ya pili: "Mahojiano 40 ya kata moja hayatoshi kubeba hitimisho kuhusu mkoa mzima (uk. 14). Ama mwandishi apunguze dai hilo, ama aeleze kwa nini kata hiyo inawakilisha nyingine." Ya kwanza inaumiza bila kufundisha. Ya pili ni kali zaidi, na mwandishi anajua aanzie wapi.

Mfumo mzima unasimama juu ya uaminifu wa mhakiki, na ukichezewa unaanguka kwa kishindo. Mwaka 2014 kampuni ya uchapishaji ya SAGE ilifuta makala 60 za jarida moja la uhandisi baada ya kubaini mtandao wa akaunti bandia za wahakiki: watu walikuwa wakihakiki kazi zao wenyewe kwa majina ya kubuni. Waziri wa elimu wa Taiwan, ambaye jina lake lilikuwa kwenye baadhi ya makala, alijiuzulu.

Hatua ya 6: Kosa likigundulika baada ya makala kutoka

Mwandikie mhariri mwenyewe, mapema. Jedwali lililokosewa hurekebishwa kwa tangazo la marekebisho na maisha yanaendelea. Kufutwa ni kwa makala ambayo matokeo yake hayaaminiki tena. Makosa ya kweli yapo, na anayejitokeza mwenyewe hutendewa tofauti kabisa na anayefumaniwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Msimamizi ametoa makala kutokana na tasnifu yangu, yeye wa kwanza, mimi wa pili, na sikuambiwa. Nifanyeje? (Mwanachama, Morogoro)*

Marahaba. Kwanza kusanya ushahidi: tasnifu yenye tarehe, rasimu, barua pepe. Kisha zungumza naye, ukiwa na mtu wa tatu anayeheshimiwa na nyote wawili. Ikishindikana, nenda kurugenzi ya uzamili ya chuo. Mhariri wa jarida naye aandikiwe, ila fahamu kwamba jarida halina uwezo wa kuchunguza nani alifanya nini. Kwa kawaida litakirudishia chuo chako suala hilo. Na wewe kutoambiwa ni hoja kubwa: kila mwandishi alipaswa kuidhinisha toleo la mwisho, nawe hukuidhinisha.

*Uwanja wetu ni mdogo, nikisoma aya mbili namjua mwandishi hata jina likifichwa. Nikatae kila makala? (Mwanachama, Eldoret)*

Ukikataa zote, majarida ya Kiswahili yatafungwa. Kumjua si kosa. Mwambie mhariri, "Nadhani namtambua mwandishi, tulifundisha naye", halafu yeye aamue. Waandishi nao wapunguze kujianika: badala ya "kama nilivyoonesha katika makala yangu ya 2019", jitaje kama unavyomtaja mtu mwingine yeyote, na ufute jina lako kwenye taarifa za faili la Word.

*Mhakiki amenitaka nitaje makala tano, na zote naona ni za mtu mmoja. Bila shaka ni zake. Nikikataa si ataiangusha?*

Zisome. Inayohusika itaje, isiyohusika iache, na kwenye barua ya majibu eleza sababu kwa kila moja kwa upole. Pembeni mwandikie mhariri kwamba zote tano ni za mtu mmoja. Mwamuzi ni mhariri, mhakiki anashauri tu.

*Naweza kutumia aya za tasnifu yangu kwenye makala? Si nitakuwa nimejiibia?*

Majarida mengi yanakubali makala itokanayo na tasnifu, mradi useme hivyo kwenye tanbihi ya ukurasa wa kwanza. Kisichokubalika ni kuikata sura moja vipande vinne vyembamba, kila kipande na jarida lake, sampuli ileile, hitimisho lilelile.

*Mimi niko Nairobi, nimeishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo. Sasa naanza uzamivu. Hiyo historia itanifunga?*

Uliloandika ukalipwa likawasilishwa kwa jina la mwingine ni udanganyifu, na wewe ulikuwa mkono mmoja wa udanganyifu huo. Sitakupambia. Lakini nawajua waliopita njia hiyo kwa sababu ya ada na kodi ya nyumba, na leo wanaandika kwa majina yao. Acha sasa, kabla hujasajiliwa, si "nikimaliza oda zilizobaki". Usitumie kazi yoyote ya zamani uliyoiuza, hata kama kila neno ulilitunga wewe, maana imeshawasilishwa mahali kwa jina la mtu mwingine na programu itaikamata kama wizi wako.