Anza na umati: namna ninavyofundisha Juliasi Kaizari kwa kuigiza

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, nilifanya vilevile nilivyofundishwa mimi. Kitabu kimoja kila dawati, huyu asome Brutus, yule asome Cassius, wengine mfuatilie. Wasomaji wazuri watano walifaidi. Waliobaki, 53, walichora magari nyuma ya daftari, na siku tuliyofika Kaizari anapochomwa visu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani alikuwa bado yuko hai?"

Tangu hapo sianzi mwanzo. Naanza katikati, sehemu ya 3, onyesho la 2, pale maiti ya Kaizari iko uwanjani na watu wa Roma wanataka kuelezwa kilichotokea. Hapo ndipo darasa zima linapata kazi. Tamthilia hii ina mhusika mmoja mkubwa asiye na jina, nao ni umati. Mimi umati ninao tayari, umekaa mbele yangu na sare zake.

Maelezo yasizidi dakika tano. Warumi waliwafukuza wafalme wao zamani na hawataki kusikia habari ya mfalme tena. Kaizari amerudi vitani na ushindi. Antony, mfuasi wake, amempa taji mara tatu mbele ya watu, naye amelikataa mara tatu, ila kila mara mkono ukilisukuma kwa ulegevu zaidi. Baadhi ya wakubwa wameogopa, wamemuua, na rafiki yake Brutus yumo. Basi, simameni.

Madawati yasogezwe ukutani. Piga mstari wa chaki katikati ya sakafu: upande wa mlango ni wa Brutus, upande wa dirisha ni wa Antony. Meza ya mwalimu ndiyo jukwaa la hotuba. Maiti mchague yule anayeongea kuliko wote darasani, umlaze, umfunike shuka. Maiti wangu wa kwanza alipiga chafya katikati ya hotuba na msiba ukageuka harusi, kwa hiyo siku hizi nalikung'uta shuka nje kabla ya kipindi.

Kabla ya neno la kwanza weka sheria mbili. Nikipiga kofi moja, kila mtu aganda alipo. Na hakuna kumgusa mtu. Hii ya pili niliilipia. Mwaka mmoja niliwapa rula ziwe visu, na Casca, ambaye ndiye wa kwanza kumchoma Kaizari, akachoma kweli. Kipindi kile nilikimalizia kwa matroni, nikitafuta maneno ya kumpigia mzazi. Sasa kisu ni gunzi la mahindi, nalo linakomea hatua moja kutoka mwilini. Anayechomwa ndiye anayeigiza maumivu.

Brutus anaanza. Mpe kijana mtulivu anayeaminika, kama unaye monita wa namna hiyo mpe yeye. Umati usimame kwenye mstari, na kila anayekubaliana naye asogee mlangoni. Watasogea karibu wote. Piga kofi, mguse mmoja kwa jina: "Wewe umekwenda huko kwa nini?" Usikubali jibu la "kwa sababu ameongea vizuri". Ameongea nini? Wakirudi kwenye kitabu kutafuta, wanasoma bila wewe kuwaambia someni.

Kisha Antony, na hapa usiharakishe. Kwangu hotuba hii inakula vipindi viwili vya dakika 40 na siku nyingine vitatu. Shakespeare alimwandikia Brutus nathari na Antony akampa ushairi, na tofauti hiyo mtoto anaisikia kwa sikio kabla hajajua majina yake. Kuna maneno Antony anayarudia na kuyarudia, kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Yaandike ubaoni. Darasa zima liyaseme mara ya kwanza kama watu walio msibani kweli, kwa upole. Mara ya pili kama mtu aliyeanza kushuku. Mara ya mwisho kama unatema kitu kichungu. Maneno ni yaleyale, hakuna herufi iliyobadilika. Hiyo ndiyo kejeli, na sijawahi kuhitaji kuwapa fasili yake.

Halafu anashuka jukwaani. Angalia hilo: Brutus alihutubia akiwa juu, Antony anaomba ruhusa ya kushuka, anawapanga watu wamzunguke marehemu. Anashika joho la Kaizari na kuonyesha matundu, hapa alipita Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Mimi hutumia kitenge kilichotobolewa. Mwaka juzi binti mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye muhula mzima nilikuwa sijaisikia sauti yake, aliinamia kile kitenge akasema, "Lakini si alitolewa nje? Amejuaje tundu ni la nani?" Ni kweli. Trebonius alimvuta Antony pembeni kabla ya mauaji. Darasa lilinyamaza, kisha wanne wakarudi upande wa mlango, wamekasirika kama waliotapeliwa nauli. Swali hilo sasa naliacha liulizwe. Lisipoulizwa naling'ang'ania hadi kengele.

Wakishakuwa na hasira watataka kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Antony anawaita warudi: mmesahau wosia. Kila Mrumi ameachiwa fedha na Kaizari, drakma 75. Hapa gawa vikaratasi vilivyoandikwa 75, kila mwanafunzi chake, na waviweke mfukoni. Usieleze kitu.

Onyesho linalofuata ni fupi na waalimu wengi hulipita. Usilipite. Umati unakutana na Cinna, mshairi, ambaye jina lake limefanana na la mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu, nao wanasema basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Watoto watacheka, na ni sawa, pameandikwa pachekeshe. Kwa kila jibu la Cinna, umati usogee hatua moja. Wakifika karibu, Cinna aketi na kujifunika shuka lileile la Kaizari. Kaa kimya wewe pia. Hesabu kumi moyoni.

Baada ya hapo ndipo tunarudi mwanzo, kwa fundi viatu na utani wake, kwa mtabiri anayeonya juu ya tarehe 15 Machi (huyu mweke nje ya dirisha, asionekane), kwa dhoruba ya usiku. Makundi ya watu sita sita, nusu ukurasa kila kundi, siku tatu za kujiandaa. Dhoruba ni kipande cha bati na kijana asiyependa kuongea. Atalipiga mpaka mwalimu wa zamu aje.

Kuhusu lugha, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, akaipitia upya ikatoka 1969, na ina Kiswahili ambacho watoto wa leo hawakizungumzi kituoni. Usisimame kila mstari kutoa maana. Watoke uwanjani wawili wawili, wasome kwa sauti huku wanatembea, na kwenye kila mkato au nukta wageuke. Maneno magumu yatakayobaki baada ya mazoezi matatu ni machache, hayo yaeleze.

Vikaratasi je? Vinangoja sehemu ya 4, onyesho la 1. Hapo siwapi umati kazi yoyote, nawaketisha sakafuni. Mezani wapo watatu tu walioshika utawala, Antony, Octavius na Lepidus, wanapanga majina ya watu wa kuuawa. Katikati ya mazungumzo hayo Antony anamtuma Lepidus akaulete ule wosia, waone namna ya kupunguza walichoachiwa watu. Ni sentensi moja, anaisema kama mtu anayeagiza chai.

Kipindi cha mwisho nilipofundisha, ilipita na hakuna aliyeishtukia. Antony aliendelea mistari mitatu hivi. Kisha nyuma kabisa mkono mmoja ukaingia mfukoni, ukatoka na kikaratasi, na mwenye mkono akasimama: "We Antony! Hela zetu!"