Somo: Kutunga sarufi ya lugha yako mwenyewe

Wengi wanaotaka kubuni lugha huanza na maneno. Mtu ananunua daftari, anajaza maneno mia tatu, kisha ukiyasoma unakuta ni Kiswahili kilichovaa kanzu ya kuazima: mpangilio uleule, nyakati zilezile. Mimi nami nilianza hivyo, na daftari lenyewe limeliwa na mchwa, afadhali.

Maneno yangoje. Jiulize kwanza: lugha yangu itamlazimisha msemaji aseme nini, hata asipotaka? Kiswahili hakikuruhusu useme "-zuri" mpaka utaje ngeli. Hapo ndipo sarufi ilipo. Mifano nitaitoa kwenye Kipwa, lugha tuliyoitunga na vijana barazani Kibokoni. Jina limetokana na maji kupwa.

Hatua ya 1: Sauti. Chache tu. Tuna konsonanti saba (p, t, k, m, n, l, s) na irabu tatu (a, i, u), na kila silabi huishia kwa irabu. Tusonge mbele.

Hatua ya 2: Mpangilio. Kiswahili huweka kitenzi katikati. Kituruki na Kijapani hukiweka mwisho. Tukachagua mwisho. Tilu ni mvuvi, sumi ni samaki, lata ni kuuza. Kwa hiyo "tilu sumi lata" ni mvuvi kauza samaki. Itamke kwa sauti mpaka ulimi uzoee, maana karatasi huvumilia mengi.

Hatua ya 3: Ngeli. Si lazima uwe nazo, lakini ukiziweka, zifanye kazi. Sisi tunazo mbili: vinavyoelea huanza na i-, vinavyozama huanza na u-. Nazi ni i-, nanga ni u-. Mvuvi tukampa i-, kwa kumuombea. Kivumishi hufuata nomino yake: nisa ni -kubwa, basi "itilu inisa" ni mvuvi mkubwa.

Samaki ndiye aliyetuvurugia baraza. Nilikuwa nimeshaandika u-, akadakia kijana mmoja ambaye babake huvua kwa ngalawa: "Maalim, samaki wa kuelea yupo, ila huyo keshakufa." Tukacheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu alikuwa ametupa zawadi. Sasa usumi ni samaki aliye hai baharini, isumi ni yule wa kwenye meza ya muuzaji. Shina moja, maneno mawili, kama mtoto, kitoto na jitoto.

Hatua ya 4: Kitenzi. Wakati hatukuuweka. Kichina sanifu hakibadilishi kitenzi kwa jana wala kesho, na watu wanaelewana. Badala yake tunadai ushahidi. Mturuki akisema "geldi", mtu amekuja na yeye anathibitisha. Akisema "gelmiş", amekuja kwa habari alizozipata. Kwa Kiswahili tuna "ati", lakini ni hiari ya mtu. Katika Kipwa ni lazima: -mu nimeona, -ti nimeambiwa.

Itilu isumi latamu: mvuvi kauza samaki, nimemuona.
Itilu isumi latati: mvuvi kauza samaki, ati.

Bila kiambishi hicho sentensi haijaisha. Umbea umekuwa kazi ngumu barazani: mtu akianza habari ya jirani kwa -mu, anaulizwa alikuwa dirisha gani.

Hatua ya 5: Andika kanuni zote kwenye ukurasa mmoja. Esperanto, lugha ya kubuni ya Zamenhof, ilitoka mwaka 1887 na kanuni 16. Zako zikifika arubaini, umeshaanza kujionyesha.

Maswali ya wanachama

Maalim, hiki si Kinyume tu tulichocheza utotoni?
La. Kinyume hugeuza silabi, nyumba ikawa mbanyu, lakini sarufi inabaki Kiswahili kitupu. Ni kificho, si lugha mpya.

Kukanusha je? Nasoma, sisomi, nilisoma, sikusoma, nimesoma, sijasoma. Nataka wepesi.
Tumia neno moja, ila angalia unakanusha nini. Kwetu ni pu. "Itilu isumi pu latamu": hakuuza, nami nimeona kuwa hakuuza. Ukiliingiza ndani, "latapumu", maana ni kwamba huenda kauza, mimi sikuona. Nafasi ya silabi moja inaweza kumponza mtu.

Maneno mangapi yanatosha?
Toki Pona, lugha ya kubuni ya mwaka 2001, ina yapata 120. Sisi hatujafika mia.

Nikisimulia ndoto, ni -mu au -ti?
Dada yangu, swali hili lilitukalisha mpaka adhana ya magharibi. Vijana wanasema -mu, kwa kuwa ndoto umeiona mwenyewe. Mama anayetuuzia mahamri akauliza: umeiona kwa jicho lipi? Mimi natumia -ti, na mwanangu hunisahihisha kila asubuhi.