Kuzibua paipu ya shawa kwenye nyumba kuukuu kabla hujashika nyundo

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa dhiraa moja. Paipu za chuma zilipitishwa ndani ya kuta hizo enzi za babu, na waliojua zimepita wapi wote wako chini ya mchanga. Shawa ilipoanza kudondoka badala ya kumwagika, fundi kijana niliyemwita aliugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, halafu akasema, "Mama, hapa ni kuvunja tu." Nikamwambia, mwanangu, hebu tunywe kahawa kwanza.

Chokaa ya kale ukiigusa hung'oka vipande vikubwa, na saruji ukiibandika pale haipatani nayo. Hazipiti kaskazi nyingi utaona imepasuka na unyevu umeanza kupanda. Kwa hivyo mimi huyafuata maji kinyumenyume, kutoka yanapotokea hadi yanapoanzia, nafungua kila kinachofunguka, na ukuta unakuja mwisho.

Anza kwa kupima. Chukua jagi la lita moja na saa ya simu. Kwangu mfereji wa jikoni, unaotoka tangi lile lile la darini, ulijaza jagi kwa sekunde 9. Shawa ikachukua 70. Ingekuwa mifereji yote imelegea, ningepanda darini moja kwa moja. Na kama shawa imekufa siku ile ile tangi lilipokauka likajazwa tena, shuku hewa kabla ya uchafu. Paipu inapopanda kisha kushuka, hewa hukwama pale mgongoni, na maji ya tangi hayana nguvu ya kuisukuma. Kimo cha mita 10 ndicho hutoa msukumo wa baa 1. Tangi langu liko mita 2 tu juu ya shawa, yaani baa 0.2, na msukumo huo hushindwa hata na gamba la kutu lililokaa vibaya.

Kisha fungua kichwa cha shawa, ukikizungushia kitambaa ili spana isikikwaruze. Kama ni shawa ya umeme, zima swichi yake na ile ya kwenye boksi la umeme kabla hujatia mkono. Pale maji yanapoingilia aghalabu huwa na kijichujio ambacho watu hukaa nacho miaka bila kujua kipo. Fungulia maji bila kichwa. Yakija kwa wingi, umeshamaliza, ubaya ulikuwa kichwani. Sisi wengi hapa mjini tunachanganya: maji ya chemchemi ya Mzima, yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo Magharibi, siku yakija, yasipokuja, ya kisima. Na kisima cha kisiwani kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chumvi na chokaa, ndiyo ule weupe mgumu unaouona kwenye matundu. Kiloweke kichwa kwenye siki usiku kucha, asubuhi kisugue kwa mswaki wa zamani, na matundu yaliyobaki uyadunge kwa sindano. Siki usiimalize yote, achari nayo inaitaka.

Kichwa changu kilikuwa safi, nikapanda kwenye koki ya tangi. Zile koki za mkono wa duara zina kisahani ndani kinachopanda na kushuka, na kikizeeka hukatika kikabaki chini. Mkono unazunguka vizuri kabisa, maji hayapiti. Ukizungusha bila kuhisi inafika mwisho, badilisha koki yote.

Yangu ilikuwa nzima. Ikabaki pale paipu inapotoka ukutani na kupinda kuelekea shawa, kona ya chuma ambayo mafundi huiita elbo. Hapa tulia. Funga koki ya tangi, fungua mfereji wa chini maji yaishe, na tafuta paipu renchi mbili. Mbili, si moja! Moja inaishika paipu isisogee, nyingine inazungusha elbo. Miaka miwili nyuma nilitumia moja kwenye paipu ya choo, nikaona ushujaa. Kumbe nilichokuwa nikizungusha ni paipu yenyewe ndani ya ukuta, ikakatika kwenye uzi, ile mikato ya skrubu ya kuungia, na siku tatu nikalala na ndoo chini ya boriti. Elbo ikikataa, ipake mafuta ya kulegezea kutu, uiache hadi kesho, kisha uigonge taratibu pande zote kabla ya kujaribu tena.

Ilipotoka niliitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Paipu ya nusu inchi, lakini tundu lililobaki lisingepitisha penseli. Pembeni mlikuwa na vinundu vya kutu vigumu, na kwenye pindo mmejaa magamba membamba yaliyolaliana kama magamba ya changu, yameshikwa na tope la rangi ya halua. Ndivyo chuma hiki kinavyokufa: ile ngozi ya zinki ya ndani ikiliwa, na maji ya chumvi huila haraka, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Kisha kila maji yakikatika na kurudi kwa kishindo, magamba hubanduka na kukimbilia kona ya kwanza.

Elbo nunua mpya, usihangaike kuisafisha. Kwa paipu ya ukutani, tia waya wa breki ya baiskeli, ncha yake umeifumua kidogo, na uuzungushe huku ukiusukuma. Baada ya hapo sukuma maji kinyume: fungua paipu pale juu kwenye tangi, uitie mdomo kwenye ndoo ili uchafu usiingie tangini, halafu huku chini unganisha mpira kutoka mfereji wa barabarani saa ambayo maji yana nguvu. Kwetu ni saa nane za usiku, basi niliamka. Yalitoka meusi, yakawa ya kahawia, mwishowe yakafanana na chai ya rangi iliyokosa majani. Ukimaliza uchomoe mpira. Usiuache umeunganisha tangi na bomba la mji. Na dawa ya kuzibulia sinki usiimimine humu kamwe. Haili kutu, na maji haya unaogea na kusukutulia.

Unaporudisha, uzi wa chuma kikuukuu mimi naufunga katani na rangi kama wazee. Ile tepu nyeupe hupenda kuvujia kwenye uzi uliolika. Fungulia maji hadi yatoke safi, ndipo urudishe kichwa cha shawa.

Jagi sasa linajaa kwa sekunde 16. Hazijafika 9, na hazitafika, kwa sababu vile vinundu vya ndani bado vipo. Shawa ikilegea tena kabla ya mwaka, sitazibua. Nitaiacha paipu hiyo ifie ukutani na kupitisha ya PPR, ile plastiki ngumu inayoungwa kwa moto, juu ya uso wa ukuta, ya milimita 25, kwani ya 20 ngozi yake ni nene na tundu la ndani ni dogo kwa maji ya tangi. Panapopigwa na jua itapakwa rangi. Ile ya zamani nitaikata pale inapotokea tangini, niifunge plagi ncha zote mbili. Yule kijana nimeshamwambia, na safari hii aje na mashine yake ya kuchomea PPR, nyundo aiache nyumbani.