Droo za marehemu mzee: namna ya kuzijua zana za chuma usizozijua

Mzee akiondoka akakuachia karakana, watu wa chuma chakavu watakuja na mizani yao, na wewe mwenyewe utashikwa na hamu ya kufanya usafi. Yote mawili yasubiri kwanza. Mimi nilipoachiwa karakana ya baba kule Tanga nilianza na usafi, nikamwaga droo zote chini nikapanga tupa na tupa, panchi na panchi, ikapendeza kweli, kumbe ndo nafuta nusu ya majibu niliyokuja kuyatafuta baadae.

Hatua ya 1: piga picha kabla hujagusa kitu

Kila droo, kila msumari ukutani, kila kopo na kilichomo. Fundi hapangi vitu vyake kwa majina, anapanga kwa kazi, kwahiyo kidude usichokijua muulize jirani yake. Mfano nilikuta tupa ya pembe tatu imesagwa meno yote hadi ikawa laini, kingo zake zinakata kama wembe, nikasema hii imeshakufa nikaitupia kwenye ndoo ya kuuza. Bahati nzuri kabla ya kumwaga droo nilikuwa nimepiga picha moja ya kumtumia dada, na kwenye ile picha tupa imelala pembeni ya kikopo cha rangi ya bluu nzito kama grisi na kipande cha bushi ya shaba. Ile ni skrepa jamani! Unapaka bluu nyembamba kwenye shafti, unaizungusha ndani ya bushi, pale bluu ilipohamia ndo pamenyanyuka, unapakwangua kidogo, unapaka tena, hivyohivyo mpaka shafti ikae vizuri. Mzee aliichonga mwenyewe kutoka kwenye tupa iliyochoka. Hiyo huikuti dukani.

Hatua ya 2: futa, usisugue

Mafuta ya taa au dizeli, kitambaa, mswaki wa zamani, basi. Ile grainda ya brashi ya waya weka mbali kabisa maana maandishi mengi yamegongwa juujuu tu na dakika moja inatosha kuyaondoa. Ukihisi kuna herufi hazisomeki, sugulia chaki nyeupe halafu pitisha kidole juu, chaki inabaki kwenye mashimo ya herufi, kisha mulika taa ya simu kwa ubavuni. Kuloweka kwenye siki ili kutoa kutu ni sawa kwa nyundo na koleo, ila venia na maikromita, zile za kupimia unene kwa usahihi, usizitie humo hata kwa utani.

Hatua ya 3: soma namba, ila usiziamini haraka

Hapa ndo wengi tunapotea. Unashika spana imeandikwa 1/4 W, unapima mdomo unapata milimita 13.3 hivi, wakati robo inchi ni milimita 6.35. Hawajakosea. Kwenye kipimo cha Whitworth, ambacho ni cha Uingereza tangu 1841, namba ni unene wa bolti, sio mdomo wa spana. Mara nyingi pembeni utaona pia 5/16 BS, mdomo ni uleule ila bolti ni ya aina nyingine ya Uingereza, yenye thredi za karibukaribu. Kama mzee alikuwa anahudumia injini za zamani za Lister za mashine za kusaga, au Land Rover za kizamani, utakuta spana hizi nyingi, na usizitupe, maana kwenye nati hiyo spana ya 13 haiingii na ya 14 inakula pembe.

Tapu nazo, zile za kukatia thredi ndani ya tundu. M10x1.5 maana yake unene milimita 10, jino hadi jino milimita 1.5. Nusu inchi BSW, yaani hiyo ya Whitworth, ina meno 12 kwa inchi, nusu inchi UNC ya Marekani ina 13, kwa macho huwezi kutofautisha, nati inaingia mizunguko miwili mitatu inagoma, ukilazimisha umeua vyote. Kile kidude kama kisu cha kukunja chenye majani mengi yenye vijino ndo cha kupimia thredi, kikiandikwa 55° ni cha Whitworth, 60° ni cha milimita au cha Marekani. Na ukikuta tapu tatu za saizi moja usiuze mbili, ni seti: ile iliyochongoka sana inatangulia, ya tatu inamalizia chini kabisa ya tundu.

Hatua ya 4: angalia palipolika

Kichwa kimechanua kama uyoga, kinagongwa. Mkia wa pembe nne, unazungushwa kwa mpini. Kama zana yenye mkia huo haina thredi bali michirizi mirefu ya kukata basi ni rima, inapanua tundu hadi saizi kamili, na usiizungushe kinyume, inakufa makali. Kalipa, ile ya miguu miwili kama bikari, yenye mguu mmoja uliopinda na mwingine wenye ncha haijavunjika, ni ya kuchora mstari sambamba na ukingo wa bati.

Sasa aibu yangu. Kulikuwa na kipande bapa cha chuma, kama kabari ndefu, kimelala na drili kubwa zenye mkia mnene wa Morse, ule unaochongoka kidogo kuelekea mwisho na kukaza ndani ya mashine. Nikaona hii tindo butu, nikaipiga grainda nikaitia makali. Rafiki wa baba alipokuja akauliza, "Ile kabari ya kutolea drili kwenye mashine iko wapi mwanangu?" Nikamuonyesha. Hakusema kitu, akacheka tu.

Hatua ya 5: zilizobaki mpelekee mzee mwenzake

Bandika namba kila zana, andika daftarini ilitoka droo gani, halafu tafuta fundi wa umri wa mzee wako, ukiwa Dar pita Gerezani, Nairobi pita Kamukunji. Usimuulize jina, kuna zana kila karakana inaziita kivyake. Mpe mkononi, nyamaza, angalia anavyoishika. Namba 31 yangu ilikuwa fimbo ya chuma iliyopinda mwishoni, mimi siku zote nilikuwa naishika kichwa chini.